Vidole Viwili Juu ya Mfupa

Chumba cha mashuka cha wodi yetu ya uzazi pale Ruiru kilikuwa na dirisha moja, nalo lilipakwa rangi nyeupe ili wagonjwa wasichungulie. Humo ndimo tulimopangwa mstari, manesi na wakunga wote wa Kiafrika, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi kabla wodi haijafunguliwa. Metroni, mama wa Kizungu mwenye mikono mipana iliyonuka dawa ya Laisoli, alipita mbele yetu mmoja mmoja akitubonyeza tumbo. Hakuuliza kitu. Alipandisha gauni lako, akazamisha vidole chini ya kitovu, akatazama dari huku akipima, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Kisha akasema, "Mwingine."

Alikuwa anatafuta mimba. Sheria ya pale ilikuwa fupi: mkunga au nesi akishika mimba, awe na mume asiwe naye, kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Anavua beji, anarudisha gauni na aproni, anahama chumba cha hospitali kabla ya jua kutua. Na aliyetiliwa shaka aliambiwa alete kitambaa chake cha mwezi kikaguliwe. Nimeandika sentensi hiyo na imebidi niweke kalamu chini kidogo. Niko na wajukuu sasa, nimezeeka, na bado ninamwona mwanamke mzima, mkunga aliyefuzu, akipita kwenye baraza ya wodi na kitambaa chake ndani ya bakuli la chuma lenye umbo la figo, akimpelekea mwanamke mwenzake akitazame.

Na ukitoka hapo, unavaa kofia yako na kuingia leba, chumba cha kuzalishia. Unamshika mkono mwanamke aliyetoka kuchuma kahawa jana, unamwambia mtoto ni baraka. Nilikuwa ninasema maneno hayo huku bado ninahisi vidole vya metroni tumboni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katikati ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na kwa sisi wa upande huu kazi haikuwa kazi tu. Mwanamke Mkikuyu asiye na barua ya mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa Ruiru. Alipakiwa kwenye lori akarudishwa kwao, na kwao hakukuwa tena kwao. Kulikuwa ni kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, filimbi alfajiri, na jembe la kazi ya lazima mpaka mgongo ukatike. Kufukuzwa kwenye wodi kulikuwa kupelekwa huko. Hilo kila mmoja wetu kwenye ule mstari alilijua.

Nilikuwa ninakaa chumba kimoja na mkunga mdogo kwangu kwa miaka sita, msichana wa upande wa Gatanga. Aliniita mwari wa maitu, binti wa mama yetu, ingawa mama zetu hawakuwahi kuonana. Mama yake na wadogo zake wawili walikuwa tayari ndani ya kijiji cha handaki, na unga waliokula ulikuwa ni ule alioweza kuwatumia yeye. Alikuwa mcheshi wa kukuvunja mbavu. Aliweza kutembea kama metroni, akitanguliza kifua, mpaka tukajifungia chumbani tusisikike tukicheka. Mikono yake ilikuwa baridi siku zote. Kabla ya kumgusa mgonjwa aliikunja mikono akaiweka kwapani, akangoja, akamwambia mama wa watu, "Ngoja kidogo, nisikuamshie mtoto na barafu." Hakuna mkunga mwingine niliyewahi kumwona akifanya hivyo.

Tulikuwa na chama. Kilikuwa chama cha madresa, wale wafunga vidonda wa hospitali, na manesi na wakunga wa Thika na Ruiru, na sisemi hakikufanya kitu. Kilitupatia makoti ya mvua, na kilifanya madresa waache kufagia yadi ya daktari siku yao ya mapumziko. Tulikutana Jumamosi Thika, kwenye ukumbi wa kanisa ulio karibu na viwanda, mahali ambapo upepo ukigeuka ulileta uvundo wa kiwanda cha ngozi mpaka ukaonja manyoya ya ng'ombe kwenye chai. Mkutano wowote wakati huo ulitaka kibali, na kibali kilikuja na askari aliyekaa nyuma na daftari akiandika tunayosema.

Mwenyekiti wetu alikuwa dresa mkuu wa hospitali ya Thika. Wagonjwa walimwita daktari naye hakuwasahihisha. Viatu vyake vilimeta, kalamu mbili mfukoni, Kiingereza chake cha kupigiwa mfano. Tulimwogopa kidogo, na tulimwonea fahari.

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenisukuma nisimame. Tuliketi kwenye benchi la nyuma, akanifinya paja. "Sema yale mambo ya chumba cha mashuka," aliniambia. "Usiposimama wewe nitasimama mimi, na mimi nikisimama nitatukana."

Nikasimama. Sijui nilipata wapi sauti. Nilieleza mstari, nikaeleza vidole, nikaeleza kitambaa. Ukumbi ulikuwa na wanaume thelathini hivi na wanawake tisa. Wanaume waliangalia viatu vyao. Mmoja alikohoa. Askari wa daftari aliacha kuandika akainua mkono kama mtoto wa shule, akauliza, "Hiyo ya kitambaa niandike nini?" Mwenyekiti akamjibu bila kunitazama, "Andika: mambo ya afya." Naye akaandika mambo ya afya. Hapo ningepaswa kuelewa tunakoelekea, lakini nilijiona nimefanya jambo kubwa. Na mwenyekiti aliahidi kwamba chama kitalishughulikia.

Alilishughulikia. Alikwenda kumwona metroni na daktari mkuu, wakakaa, wakanywa chai. Baada ya majuma machache alikuja Ruiru mwenyewe kwa gari moshi la saa nne, koti limepigwa pasi, akatukusanya jikoni kwetu. Nakumbuka sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa motoni ikichemka na yeye alisimama mbali nayo asichafuke.

"Dada zetu, tumeshinda," alisema. "Kuanzia mwezi ujao mkono wa Mzungu hautagusa tena mwili wa binti wa Kiafrika. Na vitambaa vimekwisha."

Tulipiga makofi. Mwenzangu wa chumba hakupiga. Alikuwa anakoroga githeri, akauliza bila kugeuka, "Na ukaguzi?"

"Ukaguzi utakuwepo," mwenyekiti alisema, "lakini sasa ni wetu. Utafanywa na mkunga wetu, aliyechaguliwa na chama. Nimetia sahihi kwa niaba yenu." Akanitazama mimi. "Na nani anafaa kuliko dada yetu aliyesema kwa ujasiri?"

Wakapiga makofi tena, na haya yalikuwa yangu. Sasa nitasema ukweli ambao nimeuzungukazunguka miaka mingi. Nilifurahi. Nilisimama pale jikoni nikiwa nimetukanwa, nimefanywa kuwa mkono wa metroni, na moyo wangu ukavimba kwa fahari kwa sababu mtu mwenye kalamu mbili aliniita jasiri. Ninajichukia zaidi kwa hiyo dakika moja kuliko kwa lile lililofuata, maana lililofuata sikulikusudia.

Siku hiyo nilimwambia mwenzangu tukikunja nguo, "Usiwe na wasiwasi. Nitabonyeza tu ili ionekane nimebonyeza. Vidole vyangu havitaona kitu."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Wewe? Wewe hata ukibonyeza godoro utaniambia lina majuma mangapi."

Hakukosea. Kwa miaka minane nilikuwa nimeshika kliniki ya wajawazito, Jumanne na Alhamisi, wanawake hamsini kwa siku, wengine wametembea kutoka mashamba ya mbali. Namna ya kufanya kazi ilikuwa moja tu. Mimi ninapapasa, na msaidizi amekaa kando na kadi. Vidole vikifika mahali mimba iliposimama, ninaita kwa sauti ili aandike: vidole vitatu juu ya mfupa wa kinena, vidole vitatu chini ya kitovu, vidole vinne juu ya kitovu, kichwa kiko chini. Sikuwa ninafikiri. Mkono ulipogusa, mdomo ulisema. Ningeweza kufanya hivyo huku nikiwaza habari ya sukuma wiki ya kupika jioni.

Mwezi wa kwanza wa ukaguzi wetu ulipita vizuri. Metroni alibaki nje kama walivyokubaliana, ila karani wake, mama mnyamavu mwenye miwani, alikaa mlangoni na kitabu. Nilitaja jina, nikabonyeza, nikasema "Sawa," akaandika sawa. Mwezi wa pili nilikutana na tumbo la nesi mmoja wa wodi ya watoto, nikajua fika, naye alijua kwamba nimejua. Nikasema sawa. Alipata nafasi ya kuomba uhamisho kwenye hospitali ya misheni ambako hawakuwa na mchezo huu, akaenda. Basi nikajiona shujaa. Nikajiambia kumbe mwenyekiti alikuwa na akili, kumbe chama kimenipa mlango wa kuwapitishia wenzangu.

Mwezi wa nne nilitoka leba moja kwa moja nikaingia chumba cha mashuka. Kulikuwa na mama wa mapacha aliyetusumbua usiku kucha. Aproni yangu ilikuwa na damu, macho yalikuwa mazito, nikaona bora nimalize haraka nikalale. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tano alikuwa mwenzangu wa chumba.

Hakuwa ameniambia. Alikuwa na mchumba, mpiga kengele wa stesheni ya reli, ambaye askari walimchukua msako ulipopita wakampeleka kizuizini kabla hawajafunga ndoa. Nilijua analia habari ya mchumba. Mengine alinificha, nadhani ili nisiwe na uongo wa kubeba. Aliniamini. Alisimama mbele yangu akapandisha gauni mwenyewe na akanikonyeza jicho kidogo karani asione.

Vidole vyangu vikashuka chini ya kitovu, vikakutana nayo, ngumu, ya mviringo, imeketi mahali pake. Na mdomo wangu, kwa ile sauti ya kliniki ya Alhamisi, sauti safi ya kazi, ukaita: "Vidole viwili juu ya mfupa."

Nikasikia kalamu ya karani.

"Sawa," nikasema. "Nimesema sawa. Andika sawa."

"Nimeandika ulivyosema," karani alisema. Hakuwa mbaya. Alikuwa amezoea kuandika anachosikia.

Mwenzangu alishusha gauni lake. Nilingoja anitemee mate usoni, na angenitemea ningepumua. Alinitazama kwa mshangao, kisha midomo yake ikacheza kama anataka kucheka. "Nilikuambia habari ya godoro," alisema kwa sauti ndogo. Halafu uso ukamvunjika.

Metroni alitoa amri yake kabla ya saa tatu. Lori la kuwarudisha watu lilikuwa linaondoka saa tisa. Nikaomba ruhusa, nikapewa barua ya safari, nikapanda gari moshi kwenda Thika kutafuta chama changu. Njiani niliyapanga maneno vizuri. Nilikuwa na kadi ya chama mfukoni na nikaishika njia yote.

Mwenyekiti alikuwa anamfunga mtu kidonda cha mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Nilimwambia aende kwa daktari mkuu sasa hivi, aseme nimekosea, aseme chama kinapinga, aseme lolote. Msichana ana mama na wadogo ndani ya kijiji cha handaki. Lori ni saa tisa.

"Dada yetu," alisema kwa upole, "tutapinga nini? Anayekagua ni chama. Anayeandikisha ni mjumbe wa chama. Sahihi ni yangu." Akashusha sauti. "Tukilipinga neno la mkaguzi wetu wenyewe, watasema Waafrika hawaaminiki. Watamrudisha metroni. Unataka vile vitambaa virudi?"

Hakuwa na haya hata kidogo. Hata leo ningeweza kumsamehe kama angeona haya. Nilimwambia, "Mwenyekiti, wewe umewaosha mikono Wazungu, ukatupatia sisi maji machafu."

"Una uchungu," alisema. "Nenda upumzike. Tutamwandalia chai ya kumuaga."

Nilitoka. Upepo ulikuwa umegeuka na uvundo wa ngozi ulikuwa umejaa barabara yote. Niliinama kando ya ua wa kiwanda nikatapika chai ya asubuhi. Mfanyakazi mmoja mwanamke akanishika mgongo akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia mimi sina.

Gari moshi la kurudi lilichelewa. Nilipofika Ruiru ilikuwa saa kumi na nusu. Kitanda chake kilikuwa kitupu na godoro limekunjwa kama walivyotaka wakaguzi wa vyumba. Beji haikuwepo. Kwenye kamba, nyuma ya jiko, aproni yangu ilikuwa inapeperuka. Kabla ya lori kuja alikuwa ameitoa mlangoni nilipoitupa, akaifua ile damu ya mapacha mpaka ikatoka yote, akaianika. Sikuwahi kuona kitu cheupe kikanichukiza vile.

Chai ya kumuaga ilifanyika Jumamosi Thika, yeye hayupo. Kulikuwa na mandazi. Waliimba tenzi mbili. Mwenyekiti alisimama akasema jambo hili la huzuni limeonyesha kitu kimoja kizuri, kwamba metroni sasa anatuamini kabisa, na akanitaja mimi kama mfano wa mkunga mwaminifu. Askari wa daftari akaandika. Mandazi yalizunguka, nikachukua moja, nikala. Ndiyo, nilikula. Nilikuwa nimeketi na watu niliowachukia na nilimeza walichonipa, kwa sababu sahani ilipita na wote walichukua.

Watu wakisikia hadithi hii hudhani niliacha ule ukaguzi. Sikuacha. Nilikuwa na kazi moja, chumba kimoja na barua moja ya kukaa Ruiru, na niliogopa lile lori kuliko nilivyomwogopa Mungu. Niliendelea kwa mwaka na zaidi. Nilikuwa ninaweka leso mdomoni, ninaiuma kwa meno, ninabonyeza, ninatikisa kichwa kwa karani. Walidhani nina maumivu ya jino. Sikumtaja mwingine tena, na hilo halinipi sifa yoyote.

Kisha nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya muda nikakosa siku zangu. Sikungoja Jumatatu ya mtu kuniambia. Nilimpelekea metroni gauni na beji, nikamwambia vidole ni vingapi. Chama kikaniandalia chai mimi pia. Sikwenda.

Nilihamia kwa kina mume wangu, ng'ambo ya mto kutoka Gatanga. Vijiji vilikuwa vimeanza kulegezwa kidogo, na mtu aliweza kupata kibali cha kwenda kwa mkunga. Wanawake wa huko walisema kuna mmoja mzuri kijiji cha pili, hana gauni wala kofia, lakini mkono wake ni wa hospitali. Anaweka mikono kwapani kwanza, walisema. Nilijua kabla hawajamaliza. Nikaenda nikiwa na miezi saba, na nikaitunga hotuba yangu ya kuomba msamaha njiani kama nilivyoitunga ile ya gari moshi.

Kibanda chake kilikuwa na mlango wa gunia. Nje walikuwa wameketi wanawake sita saba wakingoja, wanaongea, wanasikiliza kila kitu kama wanavyosikiliza wanawake wanaongoja. Mtoto wa kike alikuwa ameshika mguu wa kitanda akijifunza kusimama. Mwenzangu alikuwa amekonda, na viganja vyake vilikuwa na sugu la jembe. Alinitazama, akalitazama tumbo.

Nikafungua mdomo. "Mwari wa maitu, nimekuja..."

"Lala," alisema.

Nikalala. Alikunja mikono akaiweka kwapani na tukangoja, yeye akitazama ukuta, mimi nikitazama nyasi za paa. Kisha akapapasa, polepole, upande huu na upande ule, na vidole vyake vilikuwa na joto. Vilipofika mahali pake vikasimama. Nilikaza mwili mzima nikiingoja sauti.

Aliinama mpaka nywele zake zikanigusa shavuni, akaniambia hesabu ya vidole ndani ya sikio. Wanawake waliokuwa mlangoni hawakusikia kitu.